Mama Kule Mwisho wa Mahindi

Mwalimu wetu wa sanaa alisema karatasi ina urefu na upana tu. Kina lazima ukitengeneze mwenyewe. Kitu cha karibu unakichora kikubwa, cha mbali kidogo. Basi nikachora shamba letu hapa nje kidogo ya Eldoret, ng'ombe akiwa mbele na Mama kule mwisho wa mahindi. Nilitaka sana aitundike sebuleni, karibu na picha ya harusi yake na Baba, lakini kumwambia niliona haya. Niliiacha mezani nikajifanya naosha vyombo.

"Wewe!" akaniita. "Yaani mimi ni mdogo kuliko ng'ombe?"

"Mama, hapo uko mbali."

"Mbali gani? Hata mguu wake umenishinda! Wageni watasema aje?"

Roho iliniuma. Nikamshika mkono nikamtoa nje. Kule mbali Baba alikuwa anafungua geti, ndio anatoka kazini. Nikamwambia Mama afunge jicho moja, halafu ainue kidole gumba mbele ya uso. Baba mzima, na kofia yake, akapotea nyuma ya kidole.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe mzee wangu anatoshea hapa!"

Picha akaitundika siku hiyo hiyo. Jumapili, akina mama wa kanisa walipokuja kunywa chai, nilimsikia kutoka jikoni akiwaonyesha kwa maringo, "Huyo ni mimi. Hapo niko mbali."