Pikapu Iliyoishiwa Pumzi Mlimani

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mzee Nozeli, kwa jina la kile kijidomo kinachopuliza dizeli ndani ya injini, na jina hilo alilipata angali kijana, hana hata unywele mmoja mweupe. Gari la dizeli likipita mbele ya gereji yake, naye ameinamia kazi nyingine kabisa, utamsikia anasema, "Hilo, nozeli yake ya tatu inatiririsha." Mwenye gari aliyebahatika kumsikia alirudi nyuma, akashuka, akauliza umejuaje. Mzee Nozeli anacheka tu. Amejuaje? Si amesikia!

Gereji ilikuwa kuta tatu za mabati na sakafu ya saruji iliyonywa mafuta mpaka ikawa nyeusi ti. Upande wa nne ulikuwa wazi, ukitazama barabara. Ubavuni mkewe alikuwa na kibanda chake cha vipuri: mikanda, nati, taa, makopo ya oili. Mume akitengeneza, mke anauza, na simu za wateja zote zilipokelewa kibandani. Watu walidhani ni utaratibu wa biashara. Ulikuwa utaratibu wa kuficha jambo.

Masikio yalimwacha Mzee Nozeli polepole. Kwanza zilipotea sauti za watoto, halafu sauti za kwenye simu, mwisho ukapotea ule mgongano mwembamba wa nozeli uliomlisha maisha yake yote. Alikwenda kwa daktari. Daktari alimwambia bila kumzungusha: miaka ya kukaa na mashine ya kusagia vyuma na injini zisizo na ekzosi imemla. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki nusu. Achukue kifaa cha kusikia cha kuvaa sikioni. Mzee Nozeli akashukuru, akatoka, asirudi tena. Nyumbani akasema daktari ameona nta tu masikioni.

Mkewe hakuiamini ile nta. Mwanamke aliyelala na mtu chumba kimoja tangu ujana haambiwi habari za nta.

Toka hapo Mzee Nozeli akawa mtu wa kuigiza. Wenzake wakicheka, naye anacheka. Mteja akieleza, anatikisa kichwa na kukimbilia boneti. Alikuwa na bisibisi lake refu, ambalo ncha yake huiweka kwenye nozeli na mpini sikioni. Aliendelea kulitumia, ila alichokipata sasa ni ngurumo nzito, kama ya injini iliyofunikwa blanketi, na ndani ya ngurumo hiyo alijiokotea sauti aliyoitaka mwenyewe.

Ndivyo alivyoipokea pikapu ya shemeji yake.

Huyu shemeji, mdogo wa kike wa mkewe, alikuwa muuza magodoro. Mdomo wake haukuwa na breki, na mikono yake ilifunga kamba za mzigo barabara kuliko wapagazi wa kiume. Pikapu yake ilikuwa kuukuu, ya dizeli, rangi imebanduka mpaka hujui ilikuwa ya bluu au ya kijani. Ilikuwa imeanza kumzimikia njiani. Alijieleza kwa kirefu, injini inawaka, mikono ikipaa huku na huko. Mzee Nozeli akaweka bisibisi, akainamisha kichwa, akakunja uso kama mtu anayesikiliza siri.

"Nozeli," akasema.

Akazifungua zote, akazisafisha, akazifunga. Shemeji akashukuru, akapakia magodoro yake, akaondoka.

Kesho yake mvua ilinyesha, na shemeji akaingia gerejini kwa miguu, maji yanamchuruzika, kiatu kimoja mkononi.

"Shemeji, umenifanyia nini?"

"Imezima?"

"Imezima katikati ya kilima! Nyuma yangu basi, nyuma ya basi lori, na kila mwenye honi ameilalia! Magodoro yamelowa, yananywa maji kama ngamia. Nozeli gani hizo ulizosafisha?"

Mkewe akatoka kibandani huku anafuta mikono.

"Mwambie," akamwambia mumewe.

"Nimwambie nini?"

"Unakijua. Mwambie wewe, au namwambia mimi. Jana simu yako ililia mfukoni mpaka ikachoka yenyewe."

Mvua iligonga mabati. Hata hiyo aliiona zaidi kuliko kuisikia. Akavuta dumu tupu, akakaa, akapiga moyo konde.

"Sisikii, shemeji. Sikio hili limekufa. Hili lingine linachechemea. Jana hapa sikusikia kitu. Nilikisia."

Shemeji akashusha kile kiatu.

"Kumbe," akasema, "utani wangu wote ule mzuri mzuri nilikuwa nautania ukuta?"

"Mwingine nilikuwa nausikia. Ule mbaya."

Mkewe akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini kicheko kilipopoa, shemeji akauliza taratibu, kwa upole uliomchoma fundi kuliko matusi, "Basi niipeleke kwa mwingine, shemeji? Usione haya."

"Hapana." Akasimama. "Hiyo pikapu haitoki mikononi mwangu mpaka nijue inaumwa nini. Nikishindwa, nitaisukuma mimi mwenyewe mpaka huko kwa huyo mwingine."

Walikwenda kuikokota mvua ilipokatika. Safari hii kabla ya kugusa spana alimketisha shemeji mbele yake, uso kwa uso, injini imezimwa.

"Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona gari."

"Asubuhi inawaka bila taabu. Barabara ya tambarare haina neno. Nikianza kupanda na mzigo, nguvu zinakwenda, zinakwenda, nakanyaga mafuta haitaki, inazima. Nakaa kidogo kando ya barabara, nawasha tena, inawaka kama haijafanya kitu."

"Ikipumzika inapona?"

"Inapona kabisa."

Mzee Nozeli akajishika kiuno. Nozeli mbovu haiponi kwa kupumzika. Swali dogo kama hilo alipaswa kuliuliza siku ya kwanza, na hakuliuliza kwa kuogopa kwamba jibu litampita.

Alianza upya, kama mwanafunzi. Bisibisi refu alilitundika ukutani. Injini ilipowashwa alishika kwa vidole, moja baada ya jingine, yale mabomba membamba ya chuma yanayopeleka dizeli kwenye nozeli. Yalipiga vidoleni kama mshipa wa mkono, yote kwa nguvu moja. Akayarudia akiwa amefumba macho. Hakuna lililolegea. Kwa hiyo pampu inasukuma, na nozeli zinapokea. Akafungua chujio la mafuta, akamwaga yaliyomo kwenye kopo la kioo: dizeli safi, hakuna maji chini.

"Sasa?" akauliza mkewe.

"Sasa nataka kuyaona mafuta yakitembea."

Akamtuma kwa mwashi wa jirani kuomba kipande cha ule mpira mweupe wanaojazia maji kupimia usawa wa kuta, unaoonekana mpaka ndani. Akauunganisha kati ya bomba linalotoka tangini na chujio, lakini akauacha mrefu, akaupitisha dirishani mpaka mapajani mwake. Shemeji akashika usukani, magodoro yakapakiwa nyuma, wakaondoka, fundi amekumbatia ule mpira kama mgonjwa na dripu yake.

Kwenye tambarare dizeli ilipita ndani ya mpira imetulia, haina hata povu. Hewa haiingii, akajua. Wakafika mguu wa kilima. Shemeji akaingiza gia ndogo, akakanyaga. Nusu ya mlima, mbele ya macho yake, mpira ukaanza kujibana. Kuta zake zikasogeleana, zikagusana, ukalala bapa kama utumbo mtupu. Pikapu ikatetemeka, ikazima.

"Umeona?" akapiga kelele Mzee Nozeli. "Inanyonya haipati! Nyuma huko kuna kitu kinaikaba koo!"

"Nimeona nini? Mimi naangalia lori lililo nyuma yangu!"

Hakumsikia, wala hakujali. Alikuwa anautazama mpira ukifumbuka polepole na kujaa tena.

Hata hivyo hakutaka kukisia mara ya pili. Alijaza dizeli safi kwenye dumu, akalifunga barabara nyuma ya kiti, akaliacha tangi kabisa: mpira wa kunyonya ndani ya dumu, na ule wa kurudisha mafuta nao humo humo. Wakarudi kwenye kilima kile kile na mzigo ule ule. Pikapu ilipanda mpaka juu bila kukohoa.

Basi ugonjwa uko tangini au kwenye bomba lake. Akachukua pampu ya upepo, akapuliza bomba kuelekea nyuma, kiganja amekibandika kwenye tangi, akahisi mapovu yakicheza ndani. Akarudisha kila kitu mahali pake, wakapanda tena, na tena. Mambo safi.

Shemeji akashangilia, akaanza kukaza kamba za mzigo wake.

"Fungua hizo kamba," akasema Mzee Nozeli.

"Shemeji, si imepona?"

"Haijapona. Nimekipuliza kitu kikasogea. Kitarudi, na kitarudi siku una mzigo na mvua. Tunashusha tangi."

"Nina wateja wananisubiri!"

"Waambie fundi amekataa."

Shemeji akamtazama dada yake aombewe. Dada yake akampa mgongo, akaenda kuleta jeki.

Ile ndiyo kazi iliyomtoa jasho. Kwanza waliikamua dizeli kwenye madumu. Kisha Mzee Nozeli akalala chali chini ya pikapu, kutu inamdondokea machoni, anapambana na nati zilizoshikana na mikanda ya tangi kama zimezaliwa pamoja. Moja ikakatika. Nyingine akaikata kwa msumeno. Kila alipotaka jeki ishushwe alipiga teke tairi, na mkewe akimjibu kwa kumgusa mguu, kwa kuwa maneno chini ya gari hayakumfaa tena. Goti lilimuuma, akajikaza.

Tangi liliposhuka, alitoa kile kipimo cha mafuta cha juu yake, akamulika tundu kwa tochi. Chini, karibu na mdomo wa bomba la kunyonyea, kitu kilimetameta. Akakunja waya, akavua mara ya kwanza, kikateleza. Mara ya tatu akakivuta nje: kipande cha nailoni nzito, kikubwa kama kiganja. Injini ikinyonya kwa nguvu, nailoni inakwenda kuziba bomba. Injini ikizima, inaachia na kuelea zake.

Mkewe akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza, akamtazama mdogo wake. "Hii si ile mnayofungia magodoro?"

Shemeji akaishika. Uso ukabadilika.

"Mungu wangu. Ile siku walipoiba kifuniko cha tangi. Niliziba kwa nailoni nikafunga na raba. Nilipopata kifuniko kingine niliitoa." Akafikiri. "Nilitoa iliyotoka."

"Sasa nani alikuwa anamlaumu nani na nozeli zake?" akasema Mzee Nozeli, na safari hii alicheka yeye wa kwanza.

Aliliosha tangi mara mbili, akafunga nati mpya. Kabla ya kumruhusu aondoke alipanda naye kile kilima na mzigo kamili, kiganja juu ya dashibodi. Mtetemo wa injini ulimpanda mkononi, ukiwa umenyooka mwanzo mpaka kileleni. Shemeji alikuwa anaongea njia nzima. Fundi hakushika hata neno moja, na hakujifanya ameshika.

Wiki iliyofuata alirudi kwa daktari, mkewe kandoni, akachukua kifaa. Spana ikianguka sakafuni sasa ilimpasua kichwa kama sahani mia zimevunjika, kwa hiyo akitengeneza alikivua, akizungumza na watu alikivaa. Ule mpira wa mwashi hakuurudisha. Alinunua mwingine akampelekea.

Wateja wengine waliposikia kwamba fundi ana masikio mabovu walihamia kwingine, na hakuwafuata. Waliobaki aliwaambia mapema, kabla hata ya kufungua boneti. Dereva mmoja wa lori alipofika analalamika kwa hasira huku anaangalia barabara, Mzee Nozeli alimshika bega, akamgeuza taratibu, akavuta dumu la kukalia.

"Mimi sisikii vizuri. Kaa hapa, ongea ukiniangalia. Sasa niambie: linazima likiwa baridi, au likiwa moto?"