Wimbo wa Mwisho wa Upande wa Pili

Jumapili ile santuri ilipochezwa mara ya kwanza kwa mama mkwe wangu, pale Giakanja, walikuwepo hawa. Mama mkwe mwenyewe, amekaa kwa kiti chake kifupi karibu na mlango, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumwacha na alipenda mwanga. Mimi, mke wa mtoto wake wa kwanza, yule aliyekufa. Msichana wangu, mgongoni. Binamu ya bwana yangu, mtoto wa kwanza wa ndugu ya baba mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Mke wa huyo binamu. Mimi na yeye tuliolewa mwaka mmoja, tukafundishana kuvumilia. Mpiga ngoma wa bendi, ambaye hakuwa wa ukoo lakini alikula kwetu kuliko watu wa ukoo. Na Mhindi mwenye duka la redio mjini Nyeri. Huyo hakuwa na uhusiano na mtu yeyote hapo, isipokuwa kwamba santuri ilikuwa yake, na gramafoni ya betri aliyokuja nayo ilikuwa yake pia.

Nilisoma kidogo sana, ile ya kujua herufi na kufuata Biblia kwa kidole, lakini majina sipotezi. Wajukuu hunijaribu. "Ati shosho, nani alikuwa akiuza nyama pale kwa kona?" Nawatajia, na aliyeuza kabla yake, na wake zao wote wawili. Hata hivyo, hapa siandiki jina la mtu. Jina ndilo lililoleta maneno haya yote.

Kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Sasa ndugu wawili wakioa na kila mmoja akapata mtoto wake wa kwanza, hao watoto wanaitwa jina moja, la mzee mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa bwana yangu na binamu yake. Sisi wa nyumbani hatukuchanganya. Shamba letu liko kwenye mteremko, kwa hiyo binamu tulimwita Wa Juu, na bwana yangu tukamwita Wa Chini. Lakini ukishavuka daraja kwenda mjini hakuna mtu anajua ya juu wala ya chini.

Walikuwa na bendi ya magitaa ya stima, yaani ya umeme. Rock, walisema wenyewe. Mama mkwe alisema ni kelele ya stima. Walipiga kwenye densi Nyeri, Karatina, hadi Nanyuki kwenye baridi ile. Wa Juu aliimba mbele akiwa na suti, na bwana yangu alisimama nyuma na gitaa, akiangalia vidole vyake. Nyimbo zao wenyewe hazikuwa nyingi. Usiku wa densi watu walitaka zile za Wazungu zilizokuwa zikitoka kwenye redio, kwa hiyo walizisikiliza dukani kwa Mhindi, wakazishika kwa masikio, maneno na yote, hata pale ambapo hawakujua yanasema nini.

Siku moja ya mvua kubwa Mhindi aliazima mashine ya kurekodi kutoka Nairobi. Ilikuwa irudi kesho yake. Akawaita kwenye godauni nyuma ya duka, ambako magunia ya maharagwe yalikuwa yamepangwa ukutani hadi juu ili sauti isirukeruke. Mimi nilikuwa nimewaletea githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nikakaa juu ya gunia kwa sababu nilikuwa mja mzito. Wa Juu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kagio sokoni kuuza nyanya zake, na lori lilikuwa limezama kwenye matope, halitoki.

Mhindi akamwangalia bwana yangu. "Imba wewe."

"Mimi? Mimi sijui hicho Kiingereza."

Mpiga ngoma akacheka akiwa amekaa kwenye kigoda chake. "Kwani Wa Juu anakijua? Imba, bwana. Wenye wimbo hawako hapa kukushika."

Basi bwana yangu akaimba, mara hiyo moja tu maishani. Ulikuwa wimbo wa polepole. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa kama ya mtu anayeongea na ng'ombe asiogope. Alipofika beti ya tatu maneno yakamtoroka. Magitaa yakaendelea kumngoja. Hakusimama, alipiga mluzi beti yote. Na ule mluzi niliujua, kwa sababu ndio aliokuwa akipiga kila jioni akiteremka kutoka barabarani, ili nijue anakuja niweke maji ya chai motoni. Hapo mvua ikaanza tena kupiga mabati.

"Turudie?" bwana yangu akauliza.

"Hapana rudia," Mhindi akasema. "Mvua imeingia, basi ikae."

Kabla mvua nyingine haijanyesha, kifua kilikuwa kimemshika bwana yangu, na hospitali haikuweza. Msichana wetu alizaliwa akamkuta hayupo. Bendi ikafa pia, kwa sababu Wa Juu hakuweza kugeuka nyuma na kumkuta mtu mwingine ameshika lile gitaa. Wakati fulani Mhindi akakusanya vitu vilivyobaki kwake: nyimbo za santuri ndogo walizotoa zamani, ambazo watu hawakuzipata, na rekodi za zile za Wazungu walizopiga kwenye densi. Akaviweka vyote kwenye santuri moja kubwa. Nyuma ya karatasi ya kufunikia santuri aliandika kila wimbo na mwimbaji wake. Kwa ule wa mwisho wa upande wa pili aliandika jina la bwana yangu, na hakukosea. Lakini ni jina lile lile lililoandikwa kwa zile nyingine zote, na mbele kulikuwa na picha ya Wa Juu na suti yake. Bwana yangu hakuwa na picha ila ya kipande, kile kitambulisho cha serikali, nacho tulikirudisha alipokufa.

Sasa narudi kwa ile Jumapili.

Upande wa kwanza ulikuwa wa furaha. Mpiga ngoma alipiga meza akituonyesha ni wapi alipopiga vizuri, na kwake yeye ilikuwa kila mahali. Mke wa Wa Juu akasikia wimbo mmoja akamgeukia bwana yake. "Ni kwa hii ulinidanganya!"

"Na ukadanganyika," Wa Juu akasema, "kwa hiyo ilikuwa nzuri."

Mama mkwe akacheka hadi akashika mbavu. Mhindi akageuza santuri. Mimi nilikuwa nimehesabu nyimbo kwenye karatasi kwa kidole, nilijua ni upi utakuja mwisho. Nilimtoa mtoto mgongoni nikamweka mapajani, uso wake ukiangalia gramafoni. Nilitaka amsikie baba yake. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa kutoka kwake.

Wimbo ukaanza. Beti ya kwanza haikuwa imekwisha mama mkwe akainua mkono.

"Ni nani huyu anaimba?"

Mpiga ngoma akaangalia viatu vyake.

"Nauliza. Kama ni mtoto wangu, ondoeni hicho kitu kwangu. Nilimzika mara moja. Siwezi kumzika kila Jumapili."

Mhindi akanyoosha mkono kwenye ile sindano. Mimi nikafungua mdomo. Wa Juu akanitangulia.

"Ni mimi, Mama. Acha icheze."

"Ni wewe, baba?" Alimwita baba kwa sababu ya jina, kwani ni la baba mkwe wake, kama alivyokuwa akimwita mwanawe.

"Ni mimi. Siku hiyo nilikuwa na homa, ndiyo maana sauti imeshuka."

Mluzi ukaja, na mvua nyuma yake. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ulipokwisha alisema, "Umejua kupiga kama yeye."

"Tulijifunza pamoja, Mama, tukichunga mbuzi."

Nilimrudisha mtoto mgongoni, nikamfunga. Wa Juu aliniangalia, na nilielewa anachoomba. Ningesema nini? Yule mama alikuwa amepoteza mtoto, na sasa alikuwa ametulia. Mhindi aliiacha gramafoni pale kama zawadi. Tangu hapo Wa Juu alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, na mama mkwe alimwambia, "Niwekee ile ya homa." Mimi nilikuwa jikoni. Mluzi ukianza mikono yangu ilikwenda kwa sufuria yenyewe, na maji yakawa yamechemka na hakuna mtu wa kuteremka. Kama mama mkwe alidanganyika kweli au alikubali tu kudanganywa, hilo sijui mpaka leo.

Mama mkwe alikufa amezeeka vizuri. Tulipotoka makaburini Wa Juu alitembea karibu nami. "Sasa nitamwambia msichana wako ile ni sauti ya nani," akasema. "Mimi mwenyewe, mbele ya watu wote, ili asidhani ni maneno ya mjane."

"Lini?"

"Tukiwa wote pamoja. Krismasi."

Krismasi haikumkuta na ulimi. Alianguka sokoni Kagio kati ya kreti zake za nyanya, na alipoamka mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja. Nilikwenda kumwona. Alinishika mkono, akajaribu. Hakikutoka kitu. Hakukaa sana baada ya hapo.

Siku ya kumzika waliweka spika kubwa uwanjani, wakacheza santuri ili watu wamsikie mara ya mwisho. Walichagua ule wimbo wa mwisho kwa sababu ni wa polepole, unafaa matanga. Watu walilia. Mke wake alilia, na yeye alijua, lakini alilia hivyo hivyo. Msichana wangu, mwanamke mzima wakati huo, alilia kwenye bega langu akimlilia ami yake. Bwana yangu aliimba kwenye mazishi ya mtu mwingine, akapiga mluzi, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namsikiliza yeye.

Nilimwambia msichana wangu tukiwa nyumbani, tumevua viatu. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akaniletea ile karatasi ya santuri.

"Mama, imeandikwa hapa. Na hii picha ni ya nani?"

"Jina ni la wote wawili."

"Ndiyo, Mama. Lakini picha ni ya mmoja."

Hakusema vibaya. Alinimiminia chai, akaniuliza kama nimechoka. Siku nyingine nilimpigia ule mluzi, lakini meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, ukawa ni upepo tu. Tukacheka wote. Hakuniuliza tena.

Mpiga ngoma alifia Nanyuki. Mke wa Wa Juu alimfuata bwana yake. Mhindi na watu wake walihama zamani, na pale dukani sasa wanauza simu. Wale wa godauni wamekwisha, nimebaki mimi.

Kwa hiyo ninyi mliocheza densi Nyeri na Karatina miaka hiyo, au ambao baba yenu alikuwa mpakiaji pale kwa Mhindi akasimama mlangoni akikimbia mvua, kama nimekosea mahali mnisahihishe. Labda magunia yalikuwa ya mahindi. Labda lori lilizama kabla ya kufika Kagio, au maneno yalimpotea kwenye beti ya pili. Mtu aje aniambie sivyo, kwamba yeye alikuwepo pale godauni, na mimi sikumbuki vizuri. Ateremke kutoka barabarani, tubishane naye mbele ya msichana wangu. Maji nitakuwa nimeweka.