Wimbo ulioingia kwenye kadi bila ruhusa

Fundi cherehani wa kibanda cha pili anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema Jumanne alikuja bwana mmoja aliyevaa vizuri, akataka wimbo mmoja tu, akataja bei ya memori kadi tano nzima, na Mama Kanda, muuza nyimbo wa kibanda jirani, akamfungia dirisha puani.

"Puani kabisa!" fundi anasisitiza, huku akikata uzi kwa meno. "Huyu mama pesa inamfuata, yeye anaikimbia."

Mama Kanda anasikia yote, maana kati yao kuna bati tu. "Usimsikilize huyo," anasema. "Bawaba ni mbovu, dirisha lilijifunga lenyewe. Ila kumkatalia, nilimkatalia."

Ni saa nne asubuhi na ameshafungua kazi. Ndani mna meza, kompyuta kuukuu, spika moja na ubao wa misumari uliotundikwa bahasha ndogo. Kila bahasha ina memori kadi moja, na kila kadi ina nyimbo tano ambazo huwezi kuzisikia redioni. Waimbaji wake ni dereva wa lori, wauguzi wawili mapacha, na fundi bomba ambaye gitaa lake limebaki na nyuzi nne na hana haraka ya kuongeza.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, tangu enzi za kanda, ndipo jina lilipotoka. Mwimbaji akileta wimbo, yeye huusikiliza mara tatu.

"Ya kwanza nasikiliza kwa adabu," anaeleza. "Ya pili huku nafagia. Ya tatu huku namenya vitunguu. Kisu kikisimama chenyewe, nanunua."

Mteja wa kwanza leo ni mwalimu kijana. "Mama, nipe kitu ambacho jirani yangu hana."

"Jirani yupi? Wa kushoto ameshanunua."

Mwalimu anacheka, anavaa hedifoni, anasimama dirishani mpaka wimbo uishe. Hapa hakuna kununua bila kusikiliza. Akishalipa anauliza kwa sauti ya chini, "Na ule wa yule dada?"

"Ule hauuzwi, mwanangu."

Ni huohuo alioutaka bwana wa Jumanne. Wiki sita zilizopita fundi bomba alikuja kurekodi humu ndani. Alipomaliza, mvua ikashuka, akakimbilia kwake. Mama Kanda naye akatoka kuingiza bahasha zilizokuwa nje, akasahau kuzima kinasa sauti. Akaingia kujikinga mwanamke anayepiga deki kwenye jengo la ofisi ng'ambo ya barabara. Akakaa peke yake, akawa anakunja sare yake iliyolowa huku anaimba.

Mama Kanda alinakili rekodi yote kwenye kadi kama ilivyo. "Mimi ninayejisifu kwa kusikiliza, siku hiyo sikusikiliza mpaka mwisho," anasema, na hapo uso wake unabadilika. "Niliona fundi bomba namjua, nikaamini."

Kadi kumi na moja zilitoka. Amewatafuta wanunuzi mmoja mmoja, amewabadilishia kadi tisa. Mbili hazijulikani ziliko, na tayari watu wanarushiana wimbo kwenye simu.

Mpiga deki aligundua akiwa kazini. "Niko ngazini nasikia sauti yangu inatoka mfukoni mwa mtu," anasimulia. "Ndoo ilinitoka mkononi. Maji yalifika ghorofa ya chini."

Kilichomuuma si sauti. Ndani ya wimbo kuna jina la dada yake. Ni miaka sita hawajasemeshana, na wimbo ule aliutunga wa kumwomba arudi, ila hakuwahi kumwimbia mtu yeyote.

Tangu siku ile alikuwa akipita upande wa pili wa barabara bila hata salamu. Leo saa saba mchana, bila kutarajiwa, anasimama mlangoni.

"Hodi, Mama Kanda."

"Karibu, mdogo wangu. Karibu ukae." Mama Kanda anafuta kigoda ambacho hakina vumbi.

Nyuma ya bati cherehani inanyamaza.

Mpiga deki anasema hajawahi kujisikiliza, anataka asikie walichosikia wengine. Anavishwa hedifoni. Midomo yake inatembea kidogo, kisha inaacha. Wimbo ukiisha anasema, "Hapa katikati nimevuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima."

"Hapo ndipo panapowashika watu."

Wanacheka wote wawili, kidogo tu.

Mama Kanda ana mpango wake, na anamweleza. Anatamani kutoa kadi yenye sauti ya huyu mwanamke peke yake, nyimbo tano, huu ukiwemo, zirekodiwe kwa hiari yake na jina lake alitaje mwenyewe mwanzoni. Akikataa, yuko tayari kufuta, na kumkatalia kila atakayekuja dirishani.

"Nilikukosea, na sitaki kukukosea mara ya pili," anamwambia. "Nakuomba uniambie wewe mwenyewe, mdogo wangu. Niuuze, au niufute?"

Mpiga deki anavua hedifoni, anazilaza juu ya meza taratibu. Anaangalia simu yake. "Mapumziko yetu yanaisha saa saba na nusu," anasema.

Saa saba na nusu inafika. Inapita kwa dakika tano, kisha kumi. Bado amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, anauangalia ule ubao wa bahasha.