Matembele ya Koko Zaina

Mpaka leo naisikia ile jante ya kamyo, lile duara la gurudumu, iliyotundikwa kambini kwetu kama kengele, ikigongwa kwa chuma: ngaa, ngaa, ngaa! Mwanangu, kesho unaenda kambi na darasa lako. Weka begi chini kwanza, ukae kidogo.

Nakumbuka siku moja nikiwa mwaka wa sita primeri, na hapo njo masomo yangu yaliishia. Kambi ilikuwa pembeni ya Mikelenge, nje kidogo ya mji. Asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera, halafu tukavuka kijito juu ya gogo, macho yamefungwa, mwenzako anakushika mkono. Nilipenda sana! Alasiri ilikuwa salongo: kusafisha viwanja vya wazee. Kikundi kitakachoshinda kingebeba bendera siku ya kurudi mjini. Mimi nilikuwa mkubwa wa kikundi chetu, na kichwani nilishajiona: mimi mbele, bendera juu, mama anapiga vigelegele kando ya barabara.

Tulipewa kiwanja cha Koko Zaina, bibi mzee, mjane aliyeishi peke yake. Birika la kutawadha lilikuwa mlangoni. Yeye alikuwa ndani anaswali.

"Tungoje atuonyeshe," akasema rafiki yangu Feza.

"Tungoje nini? Wale wengine wako karibu kumaliza!"

Tukalima mpaka udongo ukabaki mtupu, majani yote tukayatupa shimoni.

Koko akatoka, akatazama. "Nilisikia majembe, lakini nilikuwa mbele ya Mungu. Hamukuweza kungoja nimalize?" Akaokota matembele shimoni. "Hii njo mboga yangu. Kesho nitie usafi kwenye chungu?"

Feza alicheka, akaziba mdomo. Mimi sikucheka.

Mara Mwalimu akafika, akaona kiwanja kinang'aa. "Bravo, sitwayeni!" akasema, maana wakati ule kila raia aliitwa hivyo. "Bendera njo yenu."

Koko akanitazama. Feza akanifinya nisiseme. Ningekaa kimya tu, bendera ingekuwa yangu.

"Mwalimu," nikasema, "tumeng'oa chakula chake. Njo mimi nilikataa kungoja."

Bendera ikaenda kwa wengine. Na mimi nikaitwa Sitwayeni Matembele mpaka mwisho wa kambi. Hapa Kindu wako wanaoniita hivyo hata leo!

Basi, mwanangu, hamu ya kusaidia watu ni nzuri, uende nayo. Lakini mwenye nyumba aseme kwanza. Kama yuko na sala, au na kilio, au na usingizi tu, kaa chini umungoje. Kazi itakukuta palepale. Mungu akupe mikono yenye nguvu na moyo unaosikia, akurudishe kwangu na vicheko vyako vyote.

Bendera sikuibeba. Ila jioni ile, wenzangu walipoenda kuoga mtoni, nilirudi peke yangu. Nikachagua matembele ambayo hayajanyauka, nikayachomeka tena ardhini moja moja, nikayamwagilia. Koko alikuwa ndani, anaswali magharibi. Nikajaza birika lake, nikaliweka mlangoni, nikakaa chini kumngoja.