Mwamba Ambao Haukuhesabiwa

Katika hoteli kubwa kuliko zote ninazozijua mkoani Singida, yenye ukumbi wa kamari, bwawa la kuogelea na simba wa saruji mwenye uso wa mtu, mama yangu hupura uwele. Hakuajiriwa pale, wala hafanyi maonyesho kwa ajili ya wageni. Kila mwaka upepo wa kiangazi ukishika, huingia kwa lango la mbele na magunia yake, hupita kando ya bwawa, hupanda kwenye mwamba na kuanza kupiga masuke kwa fimbo, kama alivyokuwa akifanya kabla hoteli haijafikiriwa.

Mwaka huu hajaingia. Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu.

Kwetu ni Mwankoko, pembezoni mwa mji. Baba alipofariki, mama alibaki na shamba kubwa kuliko magoti yake, akaamua kuuza kipande cha magharibi. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti pale mjini. Mtu huyu aliwahi kwenda Misri mara moja kutibiwa mguu, akarudi na mguu mzima na bahasha ya picha. Alisema atajenga hoteli mfano wa jumba la Farao. Watu walicheka, wakasema dawa za huko zimempanda kichwani.

Siku ya kupima nilikuwa nyumbani kwa likizo. Wakati huo nilikuwa ripota wa redio, na mama alitaka hati iandikwe na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Aliyepima ni mzee jirani yetu, mrefu, ambaye hatua zake ziliaminiwa na kijiji kizima. Alianzia kwenye mti wa mgunga, akihesabu kwa sauti. Alipofika kwenye mwamba alinyamaza. Aliupanda, akauvuka bila kusema neno, akateremka upande wa pili, ndipo akaendelea na hesabu kutoka pale alipoishia.

Hakuna aliyeuliza, kwa maana kwetu mwamba haulimwi, kwa hiyo haupimwi. Na ambacho hakikupimwa hakikuuzwa. Juu ya mwamba ule nyumba tatu zilianika na kupura nafaka zao, na hakuna nyumba iliyowahi kusema ni wake. Niliandika: kuanzia mgunga hadi njia ya ng'ombe, hatua kadha wa kadha. Sikuandika neno mwamba. Mimi, ambaye kazini nilisifiwa kwa kuuliza swali la pili, siku ile sikuuliza hata la kwanza. Mama aliweka dole gumba. Mnunuzi alisaini. Kila mmoja aliona jambo liko wazi.

Hoteli ilichukua miaka kujengwa. Ilisimama mara mbili, kuta zikabaki uchi, mbuzi wakalala ndani. Kisha ikaibuka kwa kasi. Mlango wake ni piramidi ya bati la rangi ya dhahabu. Upepo wetu umeshaling'oa mara kadhaa, na sasa limefungwa kwa nyaya. Simba wa saruji amelala mbele, na mji mzima unakubaliana kwamba amefanana na mwenye hoteli. Ndani kuna ukumbi wa semina ambao siku za Jumamosi unageuka ukumbi wa sendofu za mabinti wanaoolewa, chumba cha mazoezi, saluni, na mgahawa unaouza mchemsho wa kuku wa kienyeji chini ya picha ya Kleopatra. Wahudumu huvaa kola pana za dhahabu zinazowawasha shingo. Ukumbi wa kamari hauna dirisha wala saa. Nimeingia mara moja kuutazama, nikatoka bila kujua kama nje ni mchana, na hali ile ikanitia hofu ambayo sikuweza kuieleza.

Fundi mkuu alitaka kuulipua mwamba. Mwenye hoteli alikataa. Alisema unafanana na mmojawapo kwenye picha zake. Wakachimba bwawa chini yake, wakaliita Nili. Meneja wa kwanza, mama wa makamo, alipomwona mama yangu langoni na magunia hakuuliza karatasi. Alisema, "Pita, mama, lakini usiwapige wageni na hiyo fimbo." Tangu hapo ikawa hivyo. Wageni kutoka Dar walimpiga picha. Mlinzi wa lango akawa mtani wake.

"Shikamoo bibi. Karibu Misri."

"Marahaba. Misri ni kwako wewe unayelipwa. Mimi naenda mwambani."

Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja meneja mpya, kijana nadhifu, mpole. Alisikia kwamba niliwahi kuwa ripota, akaniita niandike historia ya hoteli, ukurasa mmoja, itakayochapwa kwenye ubao wa shaba pale mapokezi. Nilifurahi. Nilimpelekea baada ya wiki. Alisoma akiwa na kalamu mkononi, akafika kwenye sentensi hii: "Juu ya mwamba huu wanawake wa jirani hupura nafaka zao hadi leo." Kalamu ikasimama.

"Dada, hapa andika 'walikuwa wakipura'."

"Lakini bado wanapura."

"Makapi yanaingia kwenye bwawa. Nimesoma taarifa za mwaka jana, pampu ilisumbua wiki nzima. Halafu ongeza kwamba mwamba ni sehemu ya eneo la hoteli tangu mwanzo."

"Nani kasema?"

"Kwani kuna karatasi inayosema sio?"

Niliondoka nikiwa na ukurasa wangu. Hakuna karatasi yoyote duniani iliyowahi kuutaja mwamba ule. Ya kwanza niliandika mimi, nikauacha. Ya pili ningeiandika mimi tena, kwa shaba, na kwa mkono wangu ningemtoa mama.

Nilimkuta nyumbani akichambua masuke. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya makapi.

"Wageni wanaingia majini na vichupi vyao," alisema, "halafu mchafuzi ni mimi?"

"Mama, hili ni zito."

"Uzito gani? Mzee alinyamaza. Ulimsikia aliponyamaza?"

"Nilimsikia."

"Basi kaandike kwamba alinyamaza."

Nilitoa nakala ya hati kwenye mkebe wake wa majani ya chai. Wazo lilinijia la kihesabu tu: kama mzee aliruka mwamba, basi kutoka kwenye mgunga hadi njia ya ng'ombe lazima hatua za kweli ziwe nyingi kuliko zilizoandikwa, na ziada iwe urefu wa mwamba. Hatua zangu ni fupi. Nilimwomba mlinzi, ambaye ni mrefu kama alivyokuwa mzee, anisaidie kesho yake akitoka zamu.

"Bibi akishinda, mimi napata nini?" aliuliza.

"Uji wa uwele."

"Twende."

Ila mgunga haupo. Ulikatwa wakati wa ujenzi. Mama anasema ulisimama pale ulipo ukucha wa kulia wa simba. Mlinzi, ambaye alibeba zege hapo kabla ya kupewa sare, anakumbuka waking'oa kisiki chake karibu na kibanda cha jenereta. Alipiga hatua kutoka sehemu zote mbili huku wageni wakimtazama kutoka majini, nami nikiandika. Tukianzia kwenye ukucha wa simba, hatua zinazidi za kwenye hati, na ziada ni mwamba mtupu, haipungui wala haizidi. Tukianzia kwenye jenereta, zinalingana na hati, mwamba ukiwa umehesabiwa, kana kwamba mzee hakunyamaza.

Mlinzi alivua kofia akajipangusa. "Dada, mimi sisemi uongo. Naweza kuwa nimesahau, lakini sisemi uongo."

Nilijua hasemi uongo, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mzee aliyepima amefariki. Nimeuliza nyumba tatu picha ya mti ule; watu walipiga picha za harusi na za ng'ombe, hakuna aliyeupiga picha mgunga. Ukurasa niliurudisha kwa meneja bila kubadili sentensi. Aliupokea kwa adabu, akasema tumsubiri mwenye hoteli, ambaye yuko safarini tena kwa ajili ya mguu, na hadi arudi hakuna kupura.

Upepo umeshashika. Ubao wa shaba haujachapwa. Magunia ya mama yangu mlinzi ameyahifadhi ndani ya lango, kwenye kibanda chake, hatua chache kutoka kwenye bwawa, na mgunga ulisimama wapi hasa bado hakuna aliyethibitisha.