Tiketi rahisi niliyomkatia mama mkwe inaninyima usingizi

Admin, nifichie jina, maana mashemeji zangu wote wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili, tunaishi Goma. Nauza viatu vya wanawake kwa simu: napiga picha, naweka kwenye status, mteja anakuja kuchukua nyumbani. Kwa sababu hiyo tu, ukoo mzima wa mume wangu umeamua kwamba mimi ndiye mjuzi wa intaneti. Wananiita Madame Connexion. Nilikuwa nalipenda hilo jina, sasa nikiitwa hivyo najifanya sijasikia.

Wifi yangu, binti wa mwisho wa mama mkwe, yuko Ubelgiji. Mimba mbili zilimtoka. Hii ya tatu imeshika, anakaribia kujifungua, na hana ndugu hata mmoja kule. Mama mkwe akasema lazima aende amkande mzazi na kumwogesha mtoto, kama alivyonifanyia mimi. Visa ikapatikana kwa shida. Ukoo ukachanga, hadi ndugu walioko Kiwanja na Kibumba wakatuma chao, kisha kazi ya kutafuta tiketi nikapewa mimi. Tangu uwanja wetu wa ndege ufungwe tunapandia Kigali, na bei zake zilitukata maini.

Nikashinda na simu mkononi nikichakura tovuti moja baada ya nyingine. Nikapata tiketi ya nusu bei. Nusu, jamani! Unaondoka Kigali, unabadili ndege Dubai, unafika Brussels. Nikalipa haraka kabla haijapotea. Mume wangu aliwapigia wajomba zake mmoja mmoja: "Munaona bibi yangu, mama ya watoto wangu? Hata agence ya tiketi haiwezi kupata hii." Nikajiona mtu.

Juzi akapita rafiki yangu anayekwendaga Dubai kuchukua bidhaa. Nikamwonyesha tiketi nijisifu kidogo. Akasoma, akasoma tena.

"Weye, hizi ni billets mbili, tiketi mbili mbalimbali," akasema. "Ni kampuni mbili, hazijuane. Mama akifika Dubai atatoka inje, achukue bagage yake, aanze upya kama mutu anatoka nyumbani. Na visa ya kuingia Dubai iko wapi?"

Hatuna. Wala hatukujua kama inatakiwa. Nilirudi kwenye ile tovuti na kweli imeandikwa, chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba abiria atajihamisha mwenyewe. Nimewaandikia. Kinachonijibu ni mashine, inanishukuru kwa uvumilivu wangu. Pesa hairudi, tiketi haibadilishwi. Rafiki yangu anasema wanaweza kumkatalia pale pale Kigali. Au wamwache apande, halafu akwame Dubai, asiweze kutoka wala kuendelea. Akisafiri bila mzigo labda atapita humo humo ndani ya uwanja bila kuombwa visa, lakini hiyo labda hakuna anayeweza kuniapia.

Na ninyi hamumjui mama mkwe wangu. Hajui kusoma. Anaongea Kiswahili na Kinyarwanda, basi. Ana ugonjwa wa sukari. Namwona ameketi peke yake kwenye uwanja mkubwa kuliko mji wetu, ndege ya pili imeshaondoka, njaa inamshika na hajui aombe maji kwa lugha gani. Naogopa, jamani. Naogopa vibaya sana.

Jana nikashindwa kubeba peke yangu, nikamwendea yeye mwenyewe. Alikuwa anachambua maharage ya kumpelekea binti yake. Nikapiga magoti, nikamweleza yote huku nikilia. Nilitegemea anifukuze. Akaendelea kuchambua.

"Bwana yako anajua?"

"Hapana, Mama."

"Basi usimuambie."

"Mama, mutakwama kule!"

"Ukimuambia ataita wakubwa. Watakaa kikao. Hiyo kikao itaisha mutoto wa watu ameanza kutembea." Akacheka. "Miye nilikimbia vita na watoto mugongoni, nikalala ku mvua, sikujua fasi ninaenda. Kule kuko mataa na viti. Maharage nitaacha. Munipeleke tu."

Kisha akanishika mkono na sauti yake ikabadilika. "Hii visa ikiisha, hawatanipa ingine. Usinizuize kufika kwa mutoto wangu." Akaniapisha kwa jina la Mungu nisiseme kitu.

Nimeapa. Sasa nalala kando ya mume wangu kama mwizi. Nikimwambia, safari inakufa, maana pesa ya tiketi nyingine haipo, na wifi yangu atajifungua bila mtu wa kumshika mkono. Nikinyamaza na Mama akapatwa na jambo huko, nitamtazama mume wangu kwa macho gani? Nitajitetea vipi kwamba nilijua, na bado nikamsindikiza kwa nyimbo na maombi?

Leo asubuhi Mama ameniita chumbani kwake, akafunga mlango. Akatoa sandukuni, chini kabisa, kitenge kipya, bado kimekunjwa vile kilivyotoka dukani. "Nikipata shida kule, munizike na hii kikwembe," akasema. Akaongeza kwamba nisishtuke, ni kawaida ya mtu anayesafiri. Lakini alipotaka kukirudisha sandukuni hakukiachia, alikaa kitandani amekikumbatia, ananitazama. Ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa, pengine kunishinda mimi.

Kesho tunavuka mpaka kuelekea Kigali. Nivunje kiapo nimwambie mume wangu usiku huu, au nimwache Mama aende? Nitukaneni baadaye. Kwanza nishaurini, nifanye nini?