Kiti Changu Alikikalia Mgeni, Mimi Nikaitwa Mlevi

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjasimuliwa vibaya: nilitolewa kwenye mkutano wa kijiji nimebebwa na wanaume wanne, magoti yamekunjwa vilevile nilivyokuwa nimekaa, na kwaya yetu ya kanisa, ambayo mimi naimba sauti ya nne, ikaendelea kumwimbia mgeni kana kwamba kinachopitishwa pale ni gunia la viazi.

Chanzo ni kiti. Mnajua nilibadilishwa nyonga ya kushoto, ya mfupa ikatolewa ikawekwa ya chuma, katika hospitali ya mbali, siku mbili za basi (kabla ya hapo nilitembea miaka minne kama kinyonga). Daktari akanionya: usichuchumae, usipandishe mguu juu ya mwenzake, usikae mahali ambapo goti linapanda kuliko nyonga. Akanipima kwa kamba, kamba nikaja nayo nyumbani, fundi akanichongea kiti kirefu chenye mikono. Miezi saba ilikuwa imepita na maumivu hayajaisha, mvua ikiwa bado ng'ambo ya kilima nyonga imeshapata habari, na njiani nilikuwa nayumba hata na mkongojo, lakini kwenye kiti kile nilikaa kama chifu na nikainuka mwenyewe.

Asubuhi ya mkutano, balozi wetu wa nyumba kumi, Shekiondo (namtaja, na akitaka nitamtaja na baba yake), akaja kwangu amevaa koti.

"Baba Nuru, leo tuna mgeni kutoka wilayani, na kijiji kizima hakuna kiti kama chako."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe mwenyeji. Mwenyeji hakosi pa kukaa."

Mke wangu akasema, "Daktari alikupima wewe, hakumpima mgeni." Nikamwambia anyamaze, mgeni ni baraka. Ukweli nilitaka watu waulizane kiti kizuri vile ni cha nani.

Uwanjani nikasimama mpaka paja likawaka moto. Shekiondo akanisukumia kigoda, kile cha kukamulia ng'ombe. "Kaa, unawakinga watu." Nikakaa, goti likaja kusalimiana na kidevu, nyonga ikajifunga kama kufuli.

Mgeni akafika, watu wote wakasimama, mimi nikabaki. Zakaria, jirani yangu, akanivuta mkono, nikamwomba aniache, naye kwa wema wake akavuta kwa nguvu zaidi, nikapiga ukelele uliofika mpaka mbele. Mgeni alikuwa ameshaketi kwenye kiti changu, ametulia kweli.

"Yule mzee ana nini?" akauliza. "Mbona hasimami na wenzake?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ila Shekiondo akaniwahi, maana nyonga ingetajwa, mgeni angeuliza kiti cha mgonjwa kiko wapi.

"Samahani, Ndugu. Ni boha hiyo. Katoka kunywa."

Boha ni pombe yetu ya miwa, na mimi sijaionja tangu nibatizwe.

"Basi mpelekeni akapumzike," mgeni akasema, kwa upole kabisa.

Wanne wakaninyanyua. "Mguu, jamani, msininyooshe mguu," nikawa nasema, watu wakazidi kucheka, na mama mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe ndiyo maana miezi yote hii anayumba njiani." Hapo ndipo nilipokwisha. Kila hatua niliyopiga kwa maumivu ikageuka kuwa ya pombe.

Jioni kiti kilirudi kizima, kimefutwa vumbi. Wiki iliyofuata wakaja wazee wa kanisa wawili, wakakaa, wakakohoa, wakasema nikae mbali na Meza ya Bwana, na kwaya pia, mpaka jambo lichunguzwe. Nikawaonyesha kovu. Mmoja akasema, "Kovu tunaliona, Baba Nuru. Lakini mwenye kovu naye anaweza kunywa." Nikacheka, maana hapo hakukosea.

Tangu siku hiyo nimeapa simwazimi mtu kiti, hata akija askofu aje na chake. Mazoezi nafanya kila asubuhi, nashika mwimo wa mlango nainua mguu, mke wangu anaimba sauti ya kwanza mimi naitikia ya nne, na maumivu siku hizi yanachoka kabla yangu.

Lakini wewe Shekiondo, kila siku ya soko unapita hapa kwenda Mlalo na unanisalimia kwa mbali. Nataka jibu, na sitaki uje kunipa barazani kwangu. Jumapili, kabla ya matoleo, simama mbele ya usharika useme nani alikuambia nimekunywa. Kama yupo, mtaje jina. Kama hayupo, sema hayupo, na useme kwa sauti, wa benchi la nyuma nao wasikie.